Nani Aliyempa Waziri Kalamu Hii?

Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa pili ni nani kati yao amewahi kulishika Gazeti la Serikali kwa mikono yake. Darasa lote likanyamaza. Hatimaye kijana mmoja wa viti vya nyuma akainua mkono: alilishika akiwa sekondari, siku mama muuza maandazi alipomfungia humo maandazi mawili. Tukacheka sote. Nami nilicheka, kisha nikajuta, kwa kuwa katika karatasi za namna ile, zilizolowa mafuta, ndimo zinamotangazwa amri ambazo mtu akizivunja hufungwa.

Tunafundishwa tangu shule ya msingi kwamba sheria hutungwa na Bunge. Ibara ya 64 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inasema hivyo. Lakini ukiendelea kusoma utafika Ibara ya 97, na katika ibara ndogo ya 5 utakuta mlango wa uani: Bunge linaweza kumkabidhi mtu yeyote, au idara yoyote ya Serikali, madaraka ya kutunga kanuni zenye nguvu ya kisheria. Mlango huo una sababu zake. Hakuna Bunge duniani linaloweza kuketi na kujadili kiwango cha chumvi katika maji ya chupa au unene wa waya wa umeme. Ugomvi wangu hauko hapo. Ugomvi wangu ni kwamba kupitia mlango huo wa uani sasa zinapitishwa haki zetu zenyewe, na sebuleni hakuna anayeulizwa.

Tuchukue mfano ulio karibu nasi sote tunaoandika. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta, na kifungu cha 103 kikampa Waziri madaraka ya kutunga kanuni. Miaka minane ikapita. Machi 2018 zikatoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni, Tangazo la Serikali Namba 133. Mwenye blogu, hata awe mwalimu mstaafu anayeandika habari za kilimo cha mihogo, akatakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni, na shilingi 1,000,000 nyingine kila mwaka. Asiyetii alikabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Tarakimu hizo hazikupigiwa kura na mbunge wa Tandahimba wala wa Tarime. Ziliandikwa ofisini, zikatiwa saini, zikachapwa.

Tena ziliandikwa kwa Kiingereza. Sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria zetu ilikuja mwaka 2021. Kwa hiyo mtu aliyeandika kwa Kiswahili, akisomwa na Waswahili, aliwekewa adhabu ya jela kwa lugha ambayo huenda alifeli mtihani wake.

Miongoni mwa maudhui yaliyopigwa marufuku yalikuwamo yale yanayosababisha maudhi. Maudhi! Nimefundisha kwa miaka mingi na sijakutana na ukweli wowote wa maana usiomuudhi mtu. Nikisahihisha mitihani naudhi. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali anaudhi kila mwaka, na tunamlipa mshahara kwa kazi hiyo. Kosa la jinai linatakiwa kuwa na mipaka ambayo mtu anaweza kuiona kabla hajaivuka. Neno kama hili mipaka yake imo moyoni mwa mkubwa, na hubadilika kulingana na alivyoamka siku hiyo.

Hapa huwa nasikia sauti mbili. Ya kwanza inasema: basi tuzifute hizi mamlaka za udhibiti, tuliachie soko. Siikubali kabisa, na mwaka huohuo wa 2018 unanipa sababu. Tarehe 20 Septemba kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, siku ya gulio. Kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Kiwango kilikuwepo, kimeandikwa. Aliyekosekana ni mtu wa kusimama gatini na kusema, inatosha, wengine subirini. Na kivuko kile kilikuwa mali ya Serikali.

Tafadhali yaweke mambo hayo mawili pamoja. Katika mwaka mmoja, dola ileile iliweza kuhesabu ada ya mwandishi wa blogu hadi senti ya mwisho, lakini haikuweza kuhesabu abiria wa chombo chake yenyewe. Nashangaa wanaosema tuna udhibiti mwingi mno. Tunao mwingi pale raia anapofungua kinywa, na haba pale Serikali inapotakiwa kujidhibiti.

Sauti ya pili ni ya wenzangu wanasheria. Wanasema: mbona njia za kudai haki zipo? Kanuni huwasilishwa Bungeni, kuna Kamati ya Sheria Ndogo, kuna Baraza la Ushindani kwa rufaa, kuna mahakama. Ni kweli, vyote vipo. Lakini Kamati huisoma kanuni ikiwa imekwishatangazwa na inauma. Mamlaka ileile inayotoa leseni ndiyo inayopokea malalamiko, na kamati yake ya maudhui ndiyo inayosikiliza shauri na kutoza faini, na kesi ya nyani haipelekwi kwa ngedere. Na huyo asiyekuwa na shilingi milioni ya leseni atampata wapi wakili wa kumkatia rufaa? Kuhusu mahakama, Mei 2018 watetezi wa haki na wanahabari walikwenda Mahakama Kuu, Mtwara. Wakapewa zuio la muda, tukashangilia. Kabla mwezi haujaisha ombi lao likatupwa. Mwaka uliofuata, Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema kuwa vifungu kadhaa vya Sheria yetu ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, ambao sisi wenyewe tulitia saini kwamba tutafuata utawala wa sheria. Kumbe hoja zinasikika. Tatizo ni kwamba zilisikika Arusha, miaka zaidi ya miwili baada ya sheria kuanza kuuma.

Nitaambiwa pia kwamba kanuni za 2018 zilifutwa na nyingine mwaka 2020, na kwamba baadaye ada zilipunguzwa. Nashukuru kwa aliyenufaika. Tuliona hivyohivyo kwenye tozo ya miamala ya simu, Julai 2021: jedwali likatoka kwa kanuni, watu wakalia, Waziri akapunguza asilimia 30. Watu wakasema Serikali ni sikivu. Lakini kinachopunguzwa kwa kalamu ya mtu mmoja kinaweza kupandishwa kwa kalamu hiyohiyo Jumatatu asubuhi, na raia anayesubiri huruma ya kalamu hajapata haki bado, amepata nafuu tu.

Ninachodai si kikubwa. Kanuni yoyote yenye kifungo ndani yake, au inayogusa uhuru ulioandikwa katika Katiba, isianze kutumika mpaka Bunge liipigie kura. Rasimu itolewe kwa Kiswahili, na wadau wapewe siku za kutosha kuisoma, badala ya kuitwa kwenye kikao cha asubuhi moja chenye chai na posho. Na chombo kinachokusanya ada kisiwe ndicho kinachotoza faini.

Mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani sasa huandika rasimu za kanuni katika wizara ambayo sitaitaja. Aliniambia, "Mwalimu, maelekezo huja saa tisa alasiri, na rasimu inatakiwa kesho asubuhi. Huulizwi kama inafaa, unaulizwa kama imekamilika." Simlaumu, ana watoto. Lakini namkumbusha, na ninawakumbusha watumishi wote wa umma wanaonisoma kimyakimya, kwamba jalada lina kurasa. Dokezo sabili la mistari mitano, likieleza kuwa kifungu fulani kinavuka madaraka yaliyotolewa na sheria mama, haliwezi kuzuiwa na mtu kuandikwa. Likipuuzwa, litabaki humo, na siku jaji akiitisha jalada atalikuta.

Aliniuliza, je, likisomwa na bosi kabla ya jaji? Nikamwambia ndiyo maana namwomba aliandike vizuri.