TAHARIRI: AI ikikuambia 'nitakukumbusha', iulize itakumbuka vipi

TUSEME unaishi Faza, kisiwani Pate. Mama ana kliniki ya presha Lamu mjini Alhamisi, na wewe ndiye wa kumpeleka. Jumatatu usiku unamwandikia msaidizi wako wa akili unde, hii AI tunayoizungumzia kila siku: "Nikumbushe Jumatano jioni nitushikie nafasi kwenye boti ya asubuhi." Jibu linakuja haraka, na kitabasamu juu: "Sawa! Nitakukumbusha."

Jumatano inafika, jioni inapita, simu kimya. Alhamisi alfajiri unakimbia gatini na kukuta boti imeshajaa watu. Mama amekaa barazani, buibui amevaa, kadi ya kliniki iko mkononi. Unarudi kwenye simu kwa hasira: "Mbona hukunikumbusha?" Nayo inajibu kwa adabu zote: "Samahani sana, una haki ya kukasirika."

Kisa tumekitunga, kosa hatukulitunga. Programu nyingi za kuzungumza na AI zinaweza kukuahidi jambo la kesho bila kuwa na njia yoyote ya kulifanya hiyo kesho. Na kwa kuwa vijana wengi sasa wanazikabidhi tarehe za kliniki, maombi ya kazi na makataa ya mikopo ya masomo, hili si suala la wataalamu wa kompyuta pekee.

Tukisema mtu ana kumbukumbu nzuri, huwa tunamaanisha anakumbuka yaliyopita: majina, nyuso, deni la mwaka juzi. Kuna kumbukumbu nyingine, ile ya kukumbuka kutenda jambo ulilonuia wakati wake ukifika. Mwaka 1990 wanasaikolojia wa Marekani, Gilles Einstein na Mark McDaniel, waliigawa mara mbili. Kuna nia inayosubiri saa, kama kumeza dawa saa mbili usiku. Na kuna nia inayosubiri tukio, kama kumpa fulani ujumbe mtakapokutana. Waligundua kwamba wazee hawakuwa nyuma ya vijana pale tukio lenyewe lilipowagutusha. Kinachochosha akili ni kujikumbusha mwenyewe bila kitu cha kukushtua.

Watu wa Lamu wanalijua hili bila kusoma saikolojia. "Tuonane baada ya Alasiri" ni ahadi iliyofungwa kwenye adhana, na adhana haimsahau mtu. Manahodha wa Pate na Faza kwa miaka mingi walifunga safari zao kwenye maji: yakijaa, boti ipite kivuko cha Mkanda, yakipwa, mngoje. Hakuna aliyehitaji kengele ya simu. Bahari yenyewe ndiyo iliyokuwa kengele.

Sasa AI ina shida gani? Mtambo wa lugha ulio ndani ya programu hizi haukai macho ukikusubiri. Unapoiandikia, unaamka, unajibu, kisha unalala usingizi wa pono hadi uandikiwe tena. Hauna saa inayotembea ndani yake. Kwake, kati ya Jumatatu na Jumatano hapakupita kitu. Ukifungua mazungumzo mapya, huenda hata lile ombi lako halioni.

Ili ajenti wa AI (si yule wa M-Pesa, huyu wa kompyuta) akumbuke kweli, anahitaji vitu vitatu. Kwanza, daftari nje ya mazungumzo ambako nia imeandikwa: nini, lini, kwa nani. Pili, kitu cha kumwamsha. Hili si geni. Kompyuta za mfumo wa Unix zimekuwa na programu iitwayo cron, ya kuamsha kazi kwa saa zilizopangwa, tangu miaka ya 1970. ChatGPT, iliyozinduliwa Novemba 2022, ilianza kuwapa wateja wake uwezo wa kupanga kazi za baadaye Januari 2025, zaidi ya miaka miwili baadaye. Tatu, akishaamka, aangalie kama jambo lenyewe bado linahitajika, alitende, kisha alifute asije akalirudia.

Kimoja kikikosekana, ahadi inageuka porojo. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford na Google walijenga kijiji cha kompyuta chenye wahusika 25, kila mmoja akiendeshwa na AI na kuwa na daftari lake la kumbukumbu. Mmoja alipewa nia ya kuandaa sherehe ya Siku ya Wapendanao. Habari zikaenea na wahusika 12 wakaalikwa. Siku ilipofika walihudhuria watano tu. Kati ya saba waliokosa, watatu walikuwa na udhuru. Wanne waliobaki walisema walipenda kwenda, ila hawakuiweka sherehe kwenye ratiba ya siku hiyo. Si kama sisi tu? Kujua kuna sherehe ni jambo moja, kuamka na kwenda ni jingine.

Ukileta ajenti kama huyo Lamu, kuna mitego zaidi. Wa kwanza ni saa zetu. Mswahili akisema "saa mbili usiku" anamaanisha saa ambayo simu huiandika 20:00. Programu iliyofunzwa kwa Kiingereza ikiitafsiri neno kwa neno, itakuamsha saa nane za usiku, wakati boti, kliniki na akili zote zimelala. Ijaribu yako leo uone itaandika nini.

Mtego wa pili ni bahari. Maji hayafuati saa ya ukutani. Kila siku hujaa takriban dakika 50 baadaye kuliko jana. Ukimwambia ajenti "nikumbushe kila siku maji yakijaa" naye akaweka kengele ya saa sita mchana, baada ya juma moja atakuwa anakuita wakati maji yamekupwa na mashua imekaa kwenye matope. Nia yako ilikuwa ya tukio, yeye akaigeuza kuwa ya saa.

Mtego wa tatu ndio unaotutia hofu zaidi: ajenti anayekumbuka kupita kiasi. Maajenti wa sasa wanaanza kupewa uwezo wa kutuma barua, kununua tiketi, hata kulipa. Umemwagiza alipe nauli ya watu wanne Ijumaa. Jumatano upepo wa kusi unachafua bahari, nahodha anatangaza pale gatini kwamba hakuna safari. Wewe umesikia, ajenti hakusikia. Ijumaa analipa. Kasahau? La, katimiza agizo lililokwisha kufa. Binadamu angeuliza kwanza, "Jamani, safari bado ipo?"

Hatusemi tuzitupe teknolojia hizi. Kenya ina mfano mzuri wa kukumbushana kwa simu, na ulianza kabla ya haya makeke ya AI. Katika utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2010, wagonjwa walioanza dawa za HIV katika kliniki za Nairobi na Kajiado walitumiwa SMS moja kila wiki: "Mambo?" Walitakiwa kujibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Aliyejibu shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu wa afya. Kati ya washiriki 538, waliozingatia dawa zao walikuwa asilimia 62 kwa waliopata ujumbe, dhidi ya asilimia 50 kwa wasiopata.

Angalia siri ya mpango huo. Ujumbe haukusema hata "meza dawa". Nguvu yake ilikuwa kwamba kimya kilihesabiwa kuwa jibu, na nyuma ya simu alikuwepo mtu aliyewajibika. Mtambo ulishika saa, binadamu akashika dhamana.

Ndiyo maana tunasema yafuatayo. Kampuni zinazotuuzia wasaidizi hawa ziwazuie kabisa kutamka "nitakukumbusha" pale ambapo hakuna kengele iliyowekwa. Kusema "siwezi, tumia kalenda ya simu yako" si aibu. Aibu ni kumwacha mtu akingoja. Tena wajifunze saa za Kiswahili kabla ya kujitangaza kwamba wanazungumza Kiswahili.

Kaunti, hospitali na vyuo vinavyofikiria kukabidhi miadi ya watu kwa AI viige somo la "Mambo?": ujumbe usipojibiwa, mtu apige simu. Kizingitini au Kiwayu, ambako mtandao unaweza kupotea na chaji kuisha, ujumbe uliotumwa si ujumbe uliofika.

Nawe kijana, ukikabidhi jambo, uliza maswali matatu: umeiandika wapi, nini kitakuamsha, na utahakikishaje bado ipo kabla hujatenda? Asipokuonyesha kengele yenyewe na saa yake, chukulia hajasikia. Yale yanayogusa afya na pesa, weka pia kengele yako mwenyewe, au mwambie jirani. Malipo yasitoke bila wewe kubonyeza ndiyo siku yenyewe.

Lamu haihitaji kufundishwa uzito wa ahadi iliyocheleweshwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliwapa wavuvi fidia ya Sh1.76 bilioni kwa hasara waliyopata kutokana na ujenzi wa bandari. Gati la kwanza la bandari hiyo lilizinduliwa Mei 2021, wavuvi bado wakisubiri pesa. Ahadi ilikuwa imeandikwa, tena kwa muhuri. Kilichokosekana ni wa kuamka na kuitekeleza.

Kama serikali yenye mafaili na mawakili inaweza kuweka ahadi rafuni, tusishangae programu ya simu ikifanya vivyo hivyo. Ila tusiizoee. Mama aliyevaa buibui alfajiri akisubiri boti hana haja na samahani iliyoandikwa vizuri. Anachotaka ni kufika kliniki.