Kabla ya Berlin, Tupitie Matambarale

Natumaini penzi bado lina moto na mkopo wa kiwanja unalipika. Mwezi huu tuzungumzie ndoto iliyowashika wanandoa wengi vijana hapa mjini: kuzunguka Ulaya kwa gari. Si ile safari ya kushuka uwanja wa ndege, kupiga picha tatu na kurudi. Hii ni kukodi gari Hamburg, kushika usukani wenyewe, kupita Berlin, kuvuka mpaka hadi Prague na kumalizia Vienna. Karibu kilomita 1,000, wawili tu na muziki wenu. Raha ilioje!

Sina ugomvi na ndoto hiyo. Tena mipango yake inaandikika yote kwenye karatasi moja. Viza ya Schengen ni moja kwa nchi zote hizo, na mnaiombea kwenye nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasichelewe kupita siku 15. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024. Lazima muwe na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Kule magari yanapita kulia, si kushoto kama kwetu. Barabara kuu za Ujerumani gari dogo halilipii, lakini za Ucheki na Austria unalipia kabla ya kuingia, na kamera zao hazina undugu na mtu. Mkianzia juu zaidi, Denmark au Sweden, taa za gari zinawashwa hata mchana kweupe.

Umeona? Hakuna gumu hapo. Gumu ni lile lisiloandikika: watu wawili ndani ya gari moja siku kumi, pesa moja, usukani mmoja, na kila mtu na mambo yake moyoni.

Chukua mfano wa bwana aliyezaliwa Matambarale, kule Ruangwa mpakani na Nachingwea, na bibie wa Moshi. Wote wana kazi nzuri Dar, ndoa ina miaka sita, mtoto mmoja. Kila Desemba familia inapanda kwenda Uchagani, maana si unajua tena, Mchaga na Krismasi! Matambarale bibie hajafika hata siku moja. Ukimuuliza atakwambia, "Mume wangu mwenyewe hataki kunipeleka." Ukimuuliza bwana atakwambia, "Yule hataweza maisha ya kule." Mwaka huu wanadunduliza pesa za Ulaya. Kumbe bwana kila mwisho wa mwezi anamtumia mama yake kidogo kwa simu na hasemi, na bibie ameshaona ujumbe wa muamala na yeye hasemi. Jamani, hao wawili ndio unataka uwapeleke wakapotee njia Prague?

Ushauri wangu ni huu: kabla ya Berlin, nendeni Matambarale. Kwa gari, nyinyi wenyewe. Sheria ya kazi inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, kwa hiyo siku saba za kusini hazitaiua Ulaya. Na kwa urefu, msidharau. Kutoka Dar hadi Lindi peke yake ni kama kilomita 450, na safari bado. Kwenda na kurudi mtakuwa mmeshapita urefu wa Hamburg hadi Vienna.

Njia yenyewe ni hii. Mnatoka Mbagala alfajiri kabla foleni haijaamka: Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri. Rufiji mnaivuka kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo watu walikuwa wakisubiri kivuko, na mto ukifurika safari imekwisha. Halafu Somanga, Nangurukuru, Lindi, hadi Mingoyo. Hapo mnaiacha barabara ya Mtwara na kushika ya Masasi: Mtama, Nyangao, Nanganga, kisha kulia kuelekea Ruangwa. Msiende wakati wa masika. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara hii ya kusini, na magari yakalala njiani. Juni hadi Oktoba ndiyo miezi ya kwenda, na kuanzia Oktoba mtakuta mazungumzo yote ni bei ya korosho mnadani.

Sasa, kabla ya kuwasha gari, kaeni mezani mkubaliane mambo manne.

La kwanza, pesa. Andikeni mafuta, malazi, chakula, zawadi, na fungu la dharura ambalo haligusi mtu bila mwenzake kujua. Hapo hapo bwana aseme anachotuma nyumbani kila mwezi. Bibie naye aseme anachotuma Moshi. Siri ya elfu hamsini haivunji nyumba kwa sababu ya elfu hamsini, inaivunja kwa sababu ya siri.

La pili, usukani. Wangapi mnaendesha? Kama ni wawili, pokezaneni kila baada ya saa mbili, na aliye pembeni asiwe trafiki wa pili. Trafiki wa kweli wapo wa kutosha na tochi zao, na kwenye vijiji mwisho ni 50. Kama ni mmoja tu anayeendesha, laleni Kilwa Masoko. Mtapata na nafasi ya kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani, magofu yaliyowekwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Ibn Battuta alifika mji huo mwaka 1331 akausifu. Nyinyi mnaopanga kwenda kutazama makanisa ya Prague mnasubiri nini?

La tatu, gari. Tairi la akiba lenye upepo, jeki, maji ya kunywa, na fundi alikague wiki moja kabla, siyo usiku wa kuamkia safari. Mjue pia nani anabadilisha tairi. Pancha ya Somanga saa nane mchana itawaonyesha tabia ambazo hamkuziona kwenye uchumba.

La nne ndilo zito: ukweni. Bwana, sema ukweli. Wengi wenu hamkatai kwa sababu mkeo hawezi. Mnaona haya. Mnaona haya choo kiko nje, chumba cha wageni hakipo, na mama bado anapika kwa kuni. Mkeo hakuolewa na choo. Mwambie mapema kulivyo, ili asishtuke na asijifanye hajashtuka. Na wewe bibie, shikamoo zako ziwe tayari, kitenge kiwe kwenye begi, na simu ipumzike. Ukikaribishwa ugali wa muhogo, kula. Na jambo moja ambalo wageni hulisahau: Wamwera, kama Wamakonde na Wayao, tangu zamani ukoo wanauhesabu kwa mama. Kwa hiyo zawadi ya mjomba wa mumeo isiwe ya kuungaunga. Ukimpita mjomba bila kumsalimia, hata khanga za mama mkwe hazitakusaidia. Ukikwama kwenye maongezi, uliza habari za Namungo, timu ya Ruangwa iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019. Hata shemeji mnyamavu atafungua mdomo.

Tena Nachingwea si mbali. Huko ndiko Waingereza walikuja na mradi wao wa karanga mwaka 1947, wakajenga na reli kutoka Mtwara. Karanga zilikataa na reli baadaye ikang'olewa. Ni somo zuri kwa wanandoa wanaopanga makubwa kabla ya kuijua ardhi yao.

Nimesikia mtu akisema, "Safari ya kwenda kijijini si mapumziko, ni kazi." Kweli kabisa. Ndiyo maana siwaambii muiache Ulaya. Bibie ana haki ya Vienna yake, na bwana asije akaifanya Matambarale kuwa fimbo ya kumchapia kila anapotaja viza. Ninachosema ni mpangilio. Mama hazeeki kwa kufuata ratiba ya likizo yenu, na mjukuu anayemjua bibi yake kwa picha ya simu tu siku moja atauliza.

Halafu kuna hili. Mkifika Berlin, ingieni makumbusho ya viumbe asilia. Ukumbini mtamkuta mjusi wa kale mwenye urefu wa zaidi ya mita 13 kwenda juu, watu kutoka duniani kote wakimpiga picha. Mifupa yake ilichimbwa na Wajerumani kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Wapagazi wa kwetu waliibeba kwa miguu hadi bandarini Lindi, mzigo wa zaidi ya tani 200. Mtoto wenu atauliza, "Baba, Lindi ndiyo wapi?" Itakuwa vizuri mkiweza kumjibu, "Pale tulipolala tukienda kwa bibi."

Haya, kalenda chukueni leo, mhesabu siku. Na wewe ambaye umeshampeleka mwenzio kwenu kwa mara ya kwanza, niandikie ilikuwaje, mazuri na vituko vyake. Mwezi ujao tutazungumzia wifi aliyehamia sebuleni na haonyeshi dalili za kuondoka. Mpaka hapo, safari njema, na aliye pembeni aache kukanyaga breki isiyokuwepo!