Mikroskopi ya ubaoni haipimi damu

Kijana mmoja wa kwetu, mtoto wa mchimbaji, alimaliza biolojia kwenye chuo kikuu. Tulichinja mbuzi, baba yake akalia kwa furaha akikumbuka zile minervali zote alizolipa. Kisha mzee mmoja wa sendika akamuuliza swali la kawaida: "Mwanangu, sasa utaweza kutuangalilia choo na damu kule machimboni?" Kijana alinyamaza kidogo, akajibu: "Baba, mikroskopi niliichora mara tatu kwenye mtihani. Kutazama ndani nilipata zamu moja tu, dakika mbili. Tulikuwa wengi."

Hatutataja chuo. Kijana hana kosa, na mwalimu wake hana kosa. Mwalimu anaingia na chaki, anachora mikroskopi ubaoni, anaandika majina ya vipande vyake, wanafunzi wanakopi. Hiyo ndiyo TP. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimeingia katika LMD, na TP inaandikwa kwenye programu na saa zake. Lakini saa za kwenye karatasi hazipimi damu ya mtu.

Mtu atauliza: hawa watu wa sendika ya mashimo wanatafuta nini kwenye biolojia? Waende wakadai bei nzuri ya dhahabu. Bei tunaidai, hatutaacha. Lakini tunajua pia kwamba mchimbaji anakufa mara nyingi bila mwamba kumwangukia. Anachoka, anapauka, anapumua kwa shida, wenzake wanasema amelogwa ama amekunywa sana. Hakuna mtu aliyemwangalia ndani.

Historia ya wachimbaji wa fasi zingine inatufundisha. Kati ya mwaka 1872 na 1882, huko Uswisi, watu walichimba tunneli ya reli chini ya mlima Gotthard. Wengi walikuwa Waitaliano maskini. Mwaka 1875 waligoma, wakapigwa risasi, wanne wakafa. Lakini adui mwingine alikuwa tumboni mwao. Wanaume wenye nguvu walikuwa wanapauka kama karatasi, wanashindwa kupanda ngazi. Mwaka 1880 profesa mmoja wa Torino, Edoardo Perroncito, mwalimu wa udaktari wa wanyama, alichukua choo cha wale wafanyakazi, akakiweka chini ya mikroskopi, akaona mayai ya mnyoo unaoitwa ankilostoma. Mnyoo huo unakaa kwenye utumbo na kunyonya damu. Unaingia mwilini kupitia ngozi ya mguu usio na kiatu, katika udongo wenye maji na uchafu wa watu. Hapo ugonjwa wa wachimbaji ukapata jina, na wenye kampuni wakakosa nafasi ya kusema ni uvivu.

Sasa tazama machimbo yetu ya Lubero na Beni. Udongo una maji, miguu iko wazi, choo ni pale pale karibu na shimo. Tunahitaji nini kujua kama ankilostoma iko? Mikroskopi moja, vioo vidogo, maji ya chumvi na mtu aliyezoea kutazama. Kazi hiyo mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuifanya kama amefundishwa kwa mikono yake.

Kuna jambo la mto pia. Mahali wanapotumia zebaki kukamata dhahabu, ile inayochomwa inapanda kama moshi na kuingia mapafuni. Ile inayomwagika inaenda mtoni, vijidudu vinaigeuza, inaingia kwenye samaki, na samaki anarudi mezani kwa mama na mtoto. Tuseme kweli: kupima zebaki yenyewe kunataka mashine ya bei kali, si kazi ya mwanafunzi. Lakini mwanafunzi anaweza kuchukua wavu na beseni, akageuza mawe juu ya machimbo na chini ya machimbo, akahesabu wadudu wa maji. Wako wadudu ambao hawawezi kuishi kwenye maji mabaya. Kama juu wako na chini hawako, mto umesema. Hiyo ni TP, tena haitaki hata umeme.

Na sisi wa Vulamba tuna sababu ingine, ambayo haipaswi kusahaulika. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, ikitokea Mangina. Ilipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, hesabu ilikuwa wagonjwa 3,470 na marehemu 2,287. Duniani ni ile ya Afrika ya Magharibi tu iliyoipita. Ilirudi Februari 2021 upande wa Biena na Butembo, ikarudi Beni Oktoba mwaka ule ule, na tena Beni Agosti 2022.

Katika kipindi kile dunia nzima ilifanya labo kwetu. INRB ya Profesa Muyembe ilileta mashine, majibu yakatoka kwa saa chache. Kuanzia Novemba 2018, Beni, Butembo, Katwa na Mangina ndiko dawa nne zilijaribiwa kwa wagonjwa, na Agosti 2019 mbili kati yao zikaonekana kuokoa watu zaidi. Moja, mAb114, ilitoka katika damu ya Mkongomani aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995. Damu ya Kongo, wagonjwa wa Kongo, profesa wa Kongo. Lakini mtoto wa Katwa anayesoma biolojia leo bado anachora mikroskopi kwa kalamu ya Bic.

Tena tukumbuke fujo ya wakati ule. Watu walisema Ebola ni biashara, ni sumu, ni mbinu ya kutumaliza. Vituo vya matibabu vilichomwa Katwa na Butembo Februari 2019. Daktari Richard Mouzoko, aliyekuja kutoka Cameroun kutusaidia, aliuawa Butembo tarehe 19 Aprili 2019. Hatusemi mikroskopi ingezuia risasi. Tunasema hivi: kama katika kila kartye kungekuwa na vijana ishirini waliowahi kuona seli na vijidudu kwa macho yao wenyewe, wangeweza kumweleza mama yao kwa Kinande, jioni, kwenye moto wa jikoni. Mtu anamwamini mtoto wake kuliko mtu wa jeep.

Na Januari 2025, vita ilipoingia Goma, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilipiga kelele juu ya labo ya INRB kule: umeme ukikatika, sampuli za Ebola zitakuwaje? Hapo tulielewa kwamba ujuzi ukikaa fasi moja, siku ile fasi inafungwa wote tunabaki vipofu. Mashine inaweza kubaki upande mwingine wa mstari wa vita, lakini ujuzi ulio mikononi mwa vijana unatembea nao.

Basi tunaomba nini? Hatuombi jengo, wala konteni ya vifaa kutoka Ulaya. Hiyo tumeiona: vifaa vinakuja, picha inapigwa, mkuu anakata kamba, kisha kabati linafungwa na ufunguo unakaa kwa mtu aliyesafiri. Taa ya mikroskopi inaungua, hakuna wa kununua nyingine. Rangi ya kupaka kwenye vioo inaisha, hakuna bajeti. Kitu kilitolewa, lakini hakuna aliyelipiwa kufundisha nacho.

Tunaomba mfuko mdogo wa kusaidia miradi ya TP ya biolojia katika miaka mitatu ya kwanza ya chuo kikuu, hapa Butembo na Beni. Uende namna hii.

Kwanza, anayeomba awe mwalimu ama asistan pamoja na wanafunzi wake, si ofisi. Waandike kurasa mbili: tutafundisha nini kipya, wanafunzi wangapi watashika kifaa kwa mkono, na swali gani la hapa kwetu litajibiwa. Minyoo ya wachimbaji. Wadudu wa mtoni. Ile bakteria ya mnyauko wa ndizi, iliyoonekana Masisi mwaka 2001 na kutembea mpaka mashamba yetu. Ile kuvu iliyokausha kahawa robusta ya Beni miaka ya 1990. Maswali tunayo kutosha, hatuna haja ya kuyanunua.

Pili, makuta yawe kidogo. Tunapendekeza dola 2,000 kwa mradi, miradi kumi kwa mwaka. Jumla dola 20,000, na hiyo haifiki bei ya jeep moja mpya ya mkubwa. Kidogo hakivutii wezi wakubwa, na kinamlazimisha mwalimu kuwa mwerevu. Mwaka 2014 Manu Prakash na wenzake wa Stanford, Marekani, walionyesha mikroskopi ya karatasi ambayo vifaa vyake havikufika dola 1. Werevu kama huo uko pia Butembo. Anayebisha aende kwa mafundi wa redio na simu.

Tatu, sehemu ya makuta iwe ya matengenezo na vitu vinavyoisha: taa, rangi, glavu. Bila hiyo, mradi ukataliwe.

Nne, hesabu ibandikwe ukutani kwenye mlango wa labo, na kila faktura. Wanafunzi waisome. Mwisho wa mwaka matokeo yasomwe mbele ya watu: kama ni ya machimbo, yasomwe machimboni, kwa lugha ya wachimbaji.

Makuta yatoke wapi? Kodi ya Mines ya 2018 inagawa redevansi ya madini: 50 kwa mia serikali kuu, 25 jimbo, 15 serikali za fasi yenyewe, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Makampuni nayo yanatakiwa kutoa walau 0.3 kwa mia ya mauzo kwa maendeleo ya wakaaji. Tunajua kwamba Beni na Lubero kazi nyingi ni ya mikono, makampuni makubwa si mengi. Lakini mchimbaji wa mikono naye analipa: kadi, taksi, vizuizi vya barabarani ambavyo haviko kwenye sheria yoyote. Bwana Gavana, waheshimiwa wabunge, kama kizazi kijacho kina mfuko wake kwenye sheria, mwanafunzi wa biolojia ndiye kizazi hicho. Toeni sehemu ndogo, iandikwe kwenye bajeti, na jina lake lionekane.

Wafanyabiashara wetu pia wasikie. Askofu Emmanuel Kataliko alipoanzisha Université Catholique du Graben mwaka 1989, Butembo haikungoja Kinshasa. Wazazi wetu walijua kuchanga. Na sisi wa mashimo tusijifiche nyuma ya mikono ya wengine: tunawapendekezea wanachama wetu franka 500 kwa mwezi kila mmoja, na PDG wa mashimo wafungue njia kwa wanafunzi, wawape ulinzi na ukweli. Mchimbaji akiombwa choo chake kwa kupimwa asicheke, akitoe.

Tunasikia jibu kutoka sasa: watu wanauawa, watu wanakimbia Lubero na Beni, na nyinyi mnaongea mambo ya mikroskopi? Ndiyo, tunaongea, na tunazika pia, mara nyingi wiki moja na ile ile. Lakini Ebola haikungoja amani. Minyoo haingoji. Kambi za wakimbizi ndizo fasi ambako kipindupindu na surua zinapita haraka, na ndiko mtu wa kutazama sampuli anatafutwa kwanza. Kusema "tungoje vita iishe" ni kusema kizazi kizima kisome ubaoni. Wengine wetu tulianza kuchimba tukiwa vijana, tukisikia vita itaisha. Sasa nywele zinageuka nyeupe.

Yule kijana wa mbuzi bado yuko. Anauza kredi ya simu karibu na maegesho ya moto, na ni mwerevu. Juzi ametuomba kitu kimoja: akipata mikroskopi kwa mwezi mmoja, na mtu wa kumwelekeza, atakuja machimboni kupima watu wote wa shimo letu bure. Hakuomba mshahara. Wenye bajeti, tunangoja jibu la kumpelekea.