Mraibu Mwenye Kifua Kikuu Asifukuzwe Dirishani

Uraibu wa heroini ni ugonjwa wa muda mrefu, na aghalabu hauji peke yake. Sindano ya kuazimana huleta VVU na homa ya ini aina ya C; kulala kwenye maskani ya watumiaji, wengi katika kichumba kisicho na hewa, huleta kifua kikuu. Sababu za uraibu zinajulikana: unga wa heroini unaopita pwani, umaskini, vijana kukosa kazi.

Dawa ya uraibu huu ipo. Metadoni hunywewa kila siku, kwa kawaida mbele ya mhudumu, huzuia arosto, yaani mateso ya kukosa unga, na kumrudisha mtu kazini na nyumbani. Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kuitoa Februari 2011, kisha huduma ikaenea Mwananyamala, Temeke na mikoani.

Hivi karibuni jijini Dar es Salaam, kijana aliyekuwa akiendelea vizuri na metadoni alianzishiwa dawa za kifua kikuu katika kituo kingine. Kliniki yake ya metadoni haikuarifiwa. Rifampisini, mojawapo ya dawa hizo, hulifanya ini liivunje metadoni upesi, hivyo dozi ya metadoni iliyomtosha awali haikumtosha tena. Arosto ilipomrudia alikwenda kwenye dirisha la dawa la kliniki kuomba msaada. Aliambiwa ameurudia uteja, akaondolewa mbele ya foleni nzima, na hakuna aliyemtetea. Akarudi maskani, na dawa za kifua kikuu akaziacha. Aibu hiyo si ya mhudumu peke yake. Ni ya kila aliyekuwapo akanyamaza.

Hali hii ikomeshwe. Anayetoa dawa za kifua kikuu amuulize mgonjwa, bila kumkaripia, kama anatumia metadoni, na aipigie simu kliniki yake siku hiyohiyo. Dozi ya metadoni iongezwe kwa uangalizi. Rifampisini ikikoma, dozi hiyo ipunguzwe polepole, maana ikibaki juu pumzi zinaweza kukatika usingizini. Ndugu wamsindikize mgonjwa, wabebe vidonge vyake vyote kwenye mfuko mmoja, wamwonyeshe daktari. Wanawake, ambao ni wachache mno kliniki, watafutwe walipojificha na wapokelewe pamoja na watoto wao. Halmashauri zishughulikie nauli na mahali pa kulala. Wenye nyumba wasimtupie virago nje mpangaji anayetibiwa.

Na kwenye foleni, mgonjwa akidhalilishwa tena, walio nyuma yake wakatae kusogea mpaka asikilizwe.