Mtoto Hachanganyikiwi, Tuliochanganyikiwa ni Sisi

Kuna kauli moja ninayoisikia Arua na Koboko kila ninaporudi likizo, na insha hii naiandika kuipinga. Kauli yenyewe ni kwamba mtoto mdogo akisemeshwa lugha nyingi nyumbani atachanganyikiwa, kwa hiyo tangu anapoanza kutambaa asemeshwe Kiingereza tu. Wazazi waliosoma wanaisema. Walimu wa nasari wanaisema. Siku hizi hata mabibi ambao hawajawahi kukaa darasani wameanza kuirudia, kwa sauti ya chini, kama watu wanaoomba radhi kwa lugha zao.

Nasema kauli hiyo si kweli. Nasema pia kwamba inawanyima watoto wetu mazungumzo katika miaka ile ile ambayo wanayahitaji zaidi. Na sisi tunaosomea Kiswahili tumeinyamazia kwa sababu tunadhani mambo ya mtoto wa miaka miwili hayatuhusu.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Chukua mtoto wa miaka miwili na nusu anayekaa Oli, mjini Arua. Asubuhi anakunywa uji huku mama yake akimsemesha Kilugbara. Anatoka uani na kukuta watoto wa jirani, Wanubi, wanacheza kwa Kinubi. Kabla ya mchana anabebwa mgongoni kwenda sokoni, ambako mama anapatana bei ya samaki wakavu kwa Kiswahili, kwa sababu muuzaji ametoka upande wa Kongo na hakuna lugha nyingine wanayoshirikiana. Jioni baba anarudi na kumwita kwa Kikakwa. Hakuna aliyeupanga mpango huo. Ndivyo mji ulivyo.

Mtoto huyo akiwa na kiu atamwambia mama yake "yi", atamwambia mama wa jirani "moyo", na sokoni ataomba "maji". Amejua mwenyewe nani anasemeshwa lugha gani. Aliyechanganyikiwa angeweza hivyo? Ndiyo, kuna siku atatia maneno ya lugha mbili katika sentensi moja. Lakini hata sisi chuoni tunachanganya, na walimu wetu pia wanachanganya wakiwa na haraka, na hakuna anayetupeleka hospitali.

Tukumbuke pia ukubwa wa kazi anayoifanya. Kilugbara kiko katika lugha za Sudani ya Kati, na toni ikibadilika neno linabadilika. Kikakwa ni Kiniloti cha Mashariki, ndugu wa Kibari na jamaa wa mbali wa Kimaasai. Kinubi ni krioli iliyozaliwa na Kiarabu cha askari. Kiswahili ni Kibantu na kina ngeli zake, zile zile zinazotutoa jasho sisi kwenye mtihani. Hizi ni koo nne tofauti kabisa za lugha, na mtoto ambaye bado anaangukaangusha kikombe anazibeba kidogokidogo bila daftari.

Wataalamu walikwisha kuliona jambo hili kwa watoto wa kwao. Mwaka 1913 Mfaransa Jules Ronjat alichapisha kitabu kuhusu mwanawe Louis, ambaye baba alimsemesha Kifaransa na mama Kijerumani. Mtoto akakua na lugha zote mbili. Werner Leopold, aliyeishi Marekani, alifuatilia lugha ya binti yake Hildegard kwa Kijerumani na Kiingereza, akaandika juzuu nne kati ya 1939 na 1949. Mwaka 1962 Elizabeth Peal na Wallace Lambert waliwapima watoto wa shule huko Montreal, wakaona kwamba waliojua Kifaransa na Kiingereza walifanya vizuri kuliko waliojua lugha moja. Baadaye wengine wamebishana kuhusu ukubwa wa faida hiyo, lakini ile hofu ya zamani kwamba lugha mbili zinadumaza akili haikurudi katika vitabu. Imebaki kwenye mikutano ya wazazi.

Wala hatuna haja ya kwenda Montreal. Baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, maelfu kwa maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Kongo, wakati huo Zaire, na Sudan. Watoto wao walilelewa huko, na waliporudi katika miaka ya themanini walirudi na Kibangala na Kiarabu cha Juba juu ya Kilugbara au Kikakwa cha wazazi wao. Kizazi hicho ndicho leo kinachoendesha maduka ya Koboko, kinachovuka mpaka Oraba na kinachofundisha katika shule zetu. Ana lugha tano mtu huyo, na kwa lugha hizo tano anamwambia mkwewe kwamba lugha mbili zitamharibu mtoto!

Sasa nieleze ninachokiona mimi. Dada yangu ni Mlugbara, ameolewa na Mkakwa wa Koboko, na wanakaa Arua. Mtoto wao alipoingia nasari, mwalimu, na shule sitaitaja, alimwambia dada aache "lugha za nyumbani" ili mtoto asibaki nyuma. Dada akatii. Yaya, msichana kutoka Vurra anayejua Kilugbara tu na maneno machache ya Kiingereza, akaambiwa asimsemeshe mtoto Kilugbara.

Nilikaa nao siku nzima. Kuanzia chai hadi adhuhuri mtoto alisikia kutoka kwa yaya "come", "sit", "eat", "no", "don't touch". Hakuna lingine. Mjusi alipita ukutani, mtoto akamwonyesha kwa kidole na kumtazama yaya, akingoja. Yaya anamjua mjusi kwa jina, anajua hadithi yake, anajua hata wimbo ambao watoto wa kwao humwimbia. Akasema "yes" na kuendelea kukunja nguo. Mtoto akateremsha kidole.

Hiyo ndiyo hasara ninayoizungumzia. Mtu anayeshinda na mtoto kutwa tumemfunga mdomo. Tumemwachia maneno ya kuamuru tu, na mtu hawezi kumlea mtoto kwa amri. Kiingereza chenyewe mtoto hakupata, kwa sababu maneno kumi ya kukataza hayatoshi kuwa lugha. Alichopata ni ukimya.

Mama mkwe wa dada alipokuja kutoka Koboko kwa ajili ya Idi, alimsemesha mjukuu Kikakwa, kisha Kiswahili. Mtoto alimtazama tu. Bibi akamgeukia mwanawe akauliza, "Huyu ni mjukuu wangu au ni mgeni?" Hakuna aliyecheka. Siku tatu alizokaa, bibi yule aliongea na mjukuu wake kupitia mkalimani, na mkalimani alikuwa mtoto wake mwenyewe.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa wazazi si wajinga, wanaujua mfumo. Nakubali. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi huandikwa kwa Kiingereza. Mtaala wa mwaka 2007 unataka lugha ya eneo itumike kufundishia darasa la kwanza hadi la tatu, na Kiingereza kishike nafasi hiyo baada ya mwaka wa mpito katika darasa la nne, lakini shule nyingi za binafsi mjini huanza na Kiingereza siku ya kwanza na kumsaili mtoto kwa Kiingereza. Mzazi anayelipa karo hawezi kulifumbia macho hilo, na mimi simlaumu kwa kuogopa.

Ninachokataa ni dawa aliyoichagua. Mtoto aliyezoea kuuliza, kubisha, kusimulia na kutania kwa Kilugbara au Kikakwa anaingia darasani akiwa tayari anajua lugha ni kitu gani. Kinachobaki ni kumpa majina mapya ya vitu anavyovijua. Aliyelelewa kwa "sit" na "no" anaingia bila msingi wowote, na mwalimu anajenga hewani. Shule ina miaka 7 ya msingi ya kumfundisha Kiingereza. Hadithi ya mjusi inamtaka akiwa na miaka miwili, na yaya yupo sasa.

Jibu la pili nitakalopewa ni gumu zaidi. Nitaambiwa: katika nyumba ambayo mama ni Mlugbara na baba ni Mkakwa, Kiingereza ndicho kisicho na kabila, kinaepusha ugomvi. Hapa ndipo sisi tulipotakiwa kusema neno. Kiswahili nacho hakina kabila Arua, na tayari kimo ndani ya nyumba hizo. Dada na shemeji walitongozana kwa Kiswahili. Wanagombana kwa Kiswahili, na wakipatana wanapatana kwa hicho hicho. Ni mtoto tu anayegeuziwa Kiingereza, kama mgeni wa serikali aliyekuja kukagua nyumba.

Kwa nini wanakiona hakimfai mtoto? Kwa sababu ya historia, na tusijifanye hatuijui. Kusini mwa Uganda wengi walikisikia Kiswahili kinywani mwa askari kwenye vizuizi vya barabarani na katika misako ya "panda gari". Kwetu kuna wanaokumbuka Juni 1981, wanajeshi wa serikali walipowaua raia waliokimbilia misheni ya Ombaci karibu na Arua. Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi hilo. Mzee anayekunja uso akikisikia ana sababu.

Lakini West Nile ilikijua Kiswahili kabla ya hapo na kwa njia nyingine pia. Babu zetu walikipata katika King's African Rifles, ndiyo, lakini walikipata vilevile katika mashamba ya miwa ya kusini walikokwenda kutafuta kazi, wakakitumia kuelewana na watu wa makabila yote. Kinatumika leo Salia Musala, ambako Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana, na kinatumika na wakimbizi wa Kongo walioko Lobule, wilayani Koboko. Lugha iliyotumiwa kuamuru watu inaweza pia kutumiwa kumbembeleza mtoto. Inategemea nani anaisema na anasema nini.

Hata hivyo, sitaki msomaji afikiri kwamba ninataka kuondoa Kiingereza kwenye mkeka wa mtoto ili nitandike Kiswahili peke yake. Wako wenzetu wanaotaka hivyo. Kila tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, utamsikia mzungumzaji akisema samaki mkunje angali mbichi, kwamba watoto wote waanzishiwe Kiswahili tangu utotoni. Mtoto si samaki. Na mwenye haki ya kwanza kwake ni bibi yake, kabla ya idara yetu.

Tena tazameni tulivyokwisha kujaribu njia ya amri. Mwaka 1973 Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mwaka 2005 marekebisho ya Katiba yakakifanya lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakiidhinisha kuwa lugha rasmi na kutaka kifundishwe kwa lazima mashuleni. Tumekuwa na amri, Katiba na azimio, na bado sisi wenyewe tunaotafuta shahada ya Kiswahili tunatoka katika mhadhara wa fasihi simulizi tukiwa na sifa za nyimbo za bembea, tukifika nyumbani tunamwambia mtoto wa kaka "come to uncle". Mzazi atatuaminije? Anaona kwamba hata wenye mali hawaitumii mali yao.

Kwa hiyo nadai mambo machache, na ninayadai kwanza kwetu. Kila mtu ndani ya nyumba amsemeshe mtoto lugha ambayo mtu huyo anaweza kusimulia hadithi kwayo. Mama asimulie kwa Kilugbara, baba kwa Kikakwa, jirani kwa Kinubi. Kiswahili kitumike pale ambapo wazazi tayari wanaongea Kiswahili wao kwa wao, wasimwondoe mtoto katika mazungumzo yao. Mwenye Kiingereza kizuri naye asimulie kwa Kiingereza. Yaya afunguliwe mdomo leo. Hilo halihitaji bajeti wala sheria.

Walimu wa nasari waache kuwatisha wazazi kwa jambo ambalo halina ushahidi. Wenzangu mtakaokwenda mazoezi ya kufundisha Arua na Koboko, mkiisikia kauli hiyo katika chumba cha walimu, msiitikie kwa kichwa. Bisheni.

Na kwenu wahadhiri wetu: mnatutuma kukusanya methali kwa wazee, na ni kazi njema. Tutumeni pia kwa watoto wa miaka miwili. Tukae uani Oli na Koboko tukiwa na vinasa sauti, tuandike nani anamwambia nini mtoto, kwa lugha gani, na mtoto anajibu nini. Ronjat alifanya hivyo na mtoto mmoja zaidi ya miaka 100 iliyopita. Sisi tuna mji mzima wa watoto wa namna hiyo, na mpaka sasa tunachowaambia wazazi wao ni wanyamaze.