Nauli ya Msiba na Nauli ya Likizo

Imezuka kasumba miongoni mwa watu waliosoma na kuajiriwa katika miji yetu, nayo ni kudhani kwamba likizo ni ya baba, mama na watoto wao tu. Babu na bibi hawamo katika hesabu. Wao huletewa sukari, kitenge na picha za safari, kisha huambiwa wapumzike. Kasumba hiyo haina budi kupigwa vita, maana chini ya maneno yake laini mna dharau.

Hoja ya kwanza ya watu hao ni kwamba safari humchosha mzee. Tuipime. Mzee mwenye miaka 75 hivi leo alikuwa kijana wakati reli ya TAZARA ilipojengwa, kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Maelfu ya vijana wa rika lake walipasua miamba na kutandika mataruma katika milima iliyo kati ya Mlimba na Makambako. Leo mwana wa mtu kama huyo, ambaye hapandi ngazi za ofisi yake bila ya kutweta, ndiye anayetoa hukumu kwamba baba yake hawezi kuketi katika basi. Ni kweli kwamba magoti ya wazee hukaza, na wako wenye kisukari na shinikizo la damu. Lakini dawa ya udhaifu ni matayarisho, siyo kuachwa. Safari ya siku moja na igawanywe iwe ya siku mbili. Pawe na vituo vya kujisaidia na kunyoosha miguu. Dawa zikae mkobani, si katika sanduku lililofungiwa buti ya gari. Chakula kiwe kile alichokizoea. Mama anayesafiri na mtoto mchanga hufanya hayo yote, wala haonekani kuwa ametenda ajabu.

Hoja ya pili ni gharama. Hapa ndipo uwongo wao unapojitokeza waziwazi. Mzee huyo huyo akifariki, fedha huonekana usiku ule ule. Michango hupitishwa maofisini, basi zima hukodiwa, jeneza husafirishwa mkoa hadi mkoa, na jamaa ambao hawakuonana kwa miaka kumi hukutana kaburini. Simkejeli anayezika wake. Kuzika ni wajibu, tena ni utu. Ninachouliza ni hiki: kwa nini maiti apate nauli ambayo alinyimwa alipokuwa hai? Bibi aliyeolewa mbali na kwao huenda alikuwa na haja moja tu, kumwona dada yake kabla macho hayajafumba. Nauli ya watu wawili ingalitosha. Badala yake, dada huyo huletwa matangani kulia juu ya udongo.

Hoja ya tatu hawaisemi kwa sauti, bali huitenda: kwamba mzee hana la kufanya mbugani wala makumbusho. Mtoto hupelekwa Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, akaonyeshwa tembe ya Wagogo na kusoma kibao kilicho mbele yake. Ikiwa bibi yake alizaliwa ndani ya tembe, angalimweleza mifugo ililala upande gani na paa la udongo lilitengenezwaje kabla ya mvua. Kibao hakijibu maswali; bibi hujibu. Vivyo hivyo Kaole, karibu na Bagamoyo, au Kilwa Kisiwani, ambako magofu yake yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mzee wa pwani ajuaye kuchoma matumbawe yakawa chokaa atazisoma kuta hizo kama kitabu. Akiachwa nyumbani, familia imekwenda kuutazama utamaduni, na mwenye utamaduni imemwacha mlangoni.

Lakini nawaonya pia wale wanaowachukua wazee kwa nia mbaya. Yuko amchukuaye mama yake ili awe yaya wa wajukuu na mlinzi wa mizigo, huku wengine wakiogelea. Huo ni utumishi usio na mshahara. Mzee aulizwe kwanza anataka kwenda wapi. Pengine hatachagua Ngorongoro; atachagua mahame aliyoyaacha wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, ili aone kama mwembe alioupanda ungalipo. Safari hiyo nayo ni likizo, na ndani yake watoto watajifunza historia ya nchi. Na akisema hataki kwenda popote, basi likizo na imfuate alipo.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo. Simwombi siku zote 28, wala nusu yake. Namwomba siku saba. Ninyi walimu, shule zifungwapo Juni na Desemba, wapeni wanafunzi kazi ya kusafiri na mzee, hata kama ni hadi wilaya ya jirani, na kuandika aliyoyasema njiani. Ninyi wanafunzi, kesho mtakapoajiriwa mtajaza fomu ya likizo. Fomu huuliza mtakuwa wapi. Haiulizi mtakuwa na nani. Swali hilo jiulizeni wenyewe, tena mapema. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Basi wazee na wapande garini.