Kabla ya kunyoosha meno, tunyooshe ndimi

Wahenga walinena kwamba samaki mkunje angali mbichi. Methali hii nimeifundisha, nimeitungia maswali na kuyasahihisha majibu yake, bila kudhani kwamba siku moja ingenikabili mimi mwenyewe nikiwa nimeketi katika kiti cha daktari wa meno, kinywa wazi, umri ukiwa umekwisha kupita miaka arobaini.

Kilichonifikisha kwenye kiti hicho ni neno la mwanafunzi. Nilikuwa nikifundisha fonetiki, somo linalowataka wanafunzi wamtazame mwalimu kinywani. Nilikuwa nikieleza kwamba tunapotamka f na v, meno ya juu hugusa mdomo wa chini; na kwamba katika th na dh, kama vile katika thamani na dhamana, ncha ya ulimi huchungulia kati ya meno ya juu na ya chini. Sauti ikatoka nyuma ya ukumbi: "Samahani, Mwalimu, hatuoni. Umefunika mdomo kwa mkono." Ukumbi mzima ukacheka, wala si kwa ubaya. Papo hapo nikatambua jambo ambalo bila shaka wanafunzi wangu walilijua kitambo: nilikuwa nikifundisha matamshi huku nikivificha viungo vya kutamkia.

Meno yangu yamepandana. Chonge la upande wa kulia limejitokeza mbele ya wenzake kama mtu aliyekataa kupanga foleni, na meno ya chini yamesongamana hata uzi hauwezi kupita. Hayanizuii kula wala kunena. Mkono wangu ulianza kupanda kinywani mwaka 1992, nikiwa katika darasa la sita, siku mwalimu mmoja aliponisimamisha nisome kifungu kwa sauti, kisha akaniita Msumeno. Jina hilo lilinifuata hadi nilipomaliza darasa la nane. Mwalimu yule hakuwa katili. Alitaka tu kulichangamsha darasa, na yamkini kufikia jioni alikuwa amekwisha kulisahau neno lake. Mimi sijalisahau kwa zaidi ya miaka thelathini.

Je, samaki wa umri wangu bado anakunjika? Daktari alinieleza kwamba methali yangu haihusu mfupa. Mfupa wa taya ni kitu kilicho hai. Jino likisukumwa kwa nguvu ndogo isiyokoma, mfupa ulio upande linakoelekea huyeyuka polepole, na upande linakotoka mfupa mpya hujengeka. Mwili huendelea na kazi hiyo ya kubomoa na kujenga hata katika utu uzima. Ndiyo maana siku hizi watu wazima wengi huvaa vyuma vya meno, au vifuniko vya plastiki angavu ambavyo si rahisi kuonekana.

Hata hivyo, hakunificha upande wa pili. Mataya ya mtu mzima yamekoma kukua. Kwa hiyo kasoro kubwa iliyo katika mataya yenyewe huenda ikahitaji upasuaji. Fizi zenye ugonjwa sharti zitibiwe kwanza, kwa maana kulisukuma jino ambalo mfupa wake unaendelea kuliwa na maradhi ni kulikaribisha ling'oke. Kazi yenyewe aghalabu huchukua mwaka mmoja na nusu au miwili, na wakati mwingine zaidi. Mizizi ya meno yaweza kufupika kidogo, na asiyesafisha vyema pembezoni mwa vyuma hujitafutia meno yaliyooza. Fauka ya hayo, vyuma vikishatolewa, mtu hana budi kuvaa kishikizo, mara nyingi usiku, kwa miaka mingi, kwa sababu meno yakiachwa huru huelekea kurudi yalikotoka. Gharama aliyonitajia ilizidi mshahara wangu wa mwezi mzima.

Alipomaliza aliniuliza: "Nini hasa kinachokusumbua?" Nilikosa la kumjibu.

Nilipokuwa njiani kurudi nyumbani niliona jinsi ninavyojipinga mwenyewe. Kila mwaka huwaambia wanafunzi wangu kwamba hakuna lahaja iliyopinda. Huwakumbusha kwamba mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, kitovu cha Kimvita, iliamuliwa kwamba Kiunguja, lahaja ya mjini Zanzibar, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi huo umekuwa na manufaa yake. Vitabu vilipata tahajia moja, na leo mtoto wa Lodwar na yule wa Lamu hufanya mtihani mmoja. Lakini je, Kimvita kilikuwa na kasoro? La hasha! Kilikuwa kimekamilika kabla ya mkutano, na kimekamilika hadi leo. Usanifishaji ni makubaliano ya watu kwa ajili ya shughuli fulani. Si hukumu dhidi ya wale waliobaki nje ya makubaliano hayo. Hata wanafunzi wa shule za upili wanaosoma isimujamii wanalijua jambo hili. Iweje basi mimi, ninayelihubiri darasani, nisimame mbele ya kioo na kujihukumu kwa kipimo nisichojua kilitoka wapi?

Meno nayo yana wasanifishaji wake. Mwaka 1899 Mmarekani aitwaye Edward Angle alitoa mgawanyo wa aina za meno yasiyokutana ipasavyo, akitumia magego ya kwanza kuwa kipimo, na mgawanyo wake unafundishwa hadi leo. Angle alishikilia kwamba meno yote yabaki kinywani na yajipange kikamilifu. Ilhali huku kwetu, katika zama hizo hizo, Waluo waling'oa meno sita ya mbele ya taya la chini kuwa alama ya kuingia utu uzima. Wamaasai waling'oa mawili ya chini. Wakamba walichonga meno ya mbele yakawa na ncha. Nao Waswahili wa pwani tangu jadi wameusifu mwanya, ule uwazi kati ya meno mawili ya mbele, ambao madaktari wa meno hulipwa kuuziba. Ni kinywa kipi kati ya hivyo kilichokuwa sawa? Kila jamii ilikuwa na sarufi yake ya tabasamu.

Hata utamshi, ambao ningeweza kuufanya kisingizio, haukunitetea. Dholuo hutofautisha t ya ufizi na th ya meno, na wazee waliong'olewa meno sita ya chini hawakuipoteza tofauti hiyo, kwa kuwa ulimi huegemea meno ya juu. Aidha, mwaka 1985 mwanaisimu Charles Hockett alidokeza kwamba huenda sauti f na v zilienea baada ya wanadamu kuanza kula vyakula laini vilivyoletwa na kilimo. Hapo kale vyakula vigumu viliyasaga meno, hata ya juu na ya chini yakakutana ncha kwa ncha. Vyakula laini viliyaacha ya juu yatangulie mbele kidogo, na hivyo yakawa karibu na mdomo wa chini. Mwaka 2019 Damián Blasi na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti unaoiunga mkono hoja hiyo, ingawa wataalamu bado wanaijadili. Ikiwa ni kweli, basi fumbo, vazi, na hata kitenzi fundisha, ni matunda ya badiliko la namna meno yanavyokutana.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba kunyoosha meno ni upuuzi au majivuno ya watu wa mjini. Yuko mtu asiyeweza kuuma tunda kwa sababu meno yake ya mbele hayakutani. Yuko ambaye meno ya chini humchoma kaakaa kila anapofunga kinywa, na yuko ambaye msongamano wa meno huficha chakula na kuozesha fizi. Hao wana maradhi, na maradhi hutibiwa, umri uwao wowote. Yuko pia mtu mzima mwenye afya na uwezo ambaye anataka tu meno yaliyonyooka, kama mwingine anavyotaka nyumba yenye rangi mpya. Kinywa ni chake na fedha ni zake, na hatuna sababu ya kumcheka. Kujifunza lugha sanifu si kuichukia lugha ya mama, na kunyoosha meno si lazima kuwe kujichukia.

Ila kuna mtu wa tatu, naye ndiye mimi. Huyu haumwi na jino. Anaumwa na neno. Akienda kwa daktari atanyooshewa meno, lakini yumkini mkono wake utabaki pale pale mdomoni, maana mkono haukutumwa na jino. Wahenga walituonya kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Swali la mtu mzima anayewaza kuvaa vyuma si "Je, meno yangu yamenyooka?" Ajiulize kwanza: "Nitibiwe nini?"

Basi nilijipa muhula mmoja. Niliamua kufundisha mkono ukiwa chini, na kila ulipotaka kupanda niliurudisha mezani. Wiki za kwanza nilitokwa na jasho kana kwamba nafundisha kwa mara ya kwanza. Wanafunzi walinitazama kinywani, kwa sababu hiyo ndiyo kazi yao, kisha wakaandika walichokiona. Hakuna aliyeniita Msumeno. Katikati ya muhula mwanafunzi mmoja alitoa mfano wa kuchekesha. Nikacheka hadi machozi, na nilipokumbuka mkono wangu nikaukuta mfukoni.

Uamuzi wangu, kwa hivyo, ni huu. Fizi zangu, ambazo daktari alikuta zimeanza kuvimba pale meno ya chini yanaposongamana, zimetibiwa, nami huzitunza kwa bidii kuliko zamani. Chonge langu nimeliacha lilivyo. Endapo msongamano utazidi kuzidhuru fizi, nitavaa vyuma hata nikiwa na miaka sitini. Na endapo mkono ungekataa kushuka baada ya kujaribu kwa dhati, ningevaa vilevile, wala nisingeona haya. Angalau ningejua ninatibiwa nini na kwa nini.

Kwa upande wa watoto, methali ya samaki ingali na nguvu. Mataya yanayokua hukubali kuelekezwa kwa urahisi, na kasoro nyingine za taya hurekebishwa wakati huo pasipo upasuaji. Mwalimu huwa na mtoto kwa saa nyingi za mchana, na aweza kuona asiyoyaona mzazi: mtoto anayetafuna upande mmoja tu, asiyeweza kufunga midomo, au ambaye meno ya utotoni hayajatoka ilhali ya ukubwani yamekwisha kuota nyuma yake. Mwalimu huyo na amwite mzazi kando, amwambie kwa heshima. Asilitangaze jambo hilo mbele ya darasa.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Katika sehemu za Bonde la Ufa, kama vile Nakuru na Naivasha, maji ya visima vingi yana floridi nyingi mno, nayo hutia meno ya watoto madoa ya kahawia tangu yakiwa bado ndani ya fizi. Mswaki hauyaondoi madoa hayo. Mwalimu anayemwambia mtoto kama huyo mbele ya wenzake akapige mswaki anamwadhibu kwa kosa la maji. Na mtoto anayekataa kusoma kwa sauti, anayeng'ang'ania kiti cha nyuma, anayejibu kwa kunong'ona huku kiganja kikiwa mdomoni, huenda si mvivu wala si mjinga. Huenda kuna mtu aliyekwisha kumpa jina.

Nanyi wanafunzi, jueni kwamba lakabu mnazobandikana kwa mzaha hazibaki uwanjani kengele ikilia. Huenda zikafika hadi chuo kikuu, zikapanda jukwaani pamoja na mhadhiri, zikamziba mdomo kwa mkono wake mwenyewe. Aliye na meno yaliyopandana asome kwa sauti ile ile anayosomea mwenye meno yaliyopangika. Akitaka vyuma baadaye, avitafute kwa hiari yake, si kwa kukimbia vicheko vya wenzake.

Alhasili, meno yaliyopinda yana daktari wake, na hata baada ya miaka arobaini mfupa hukubali kusukumwa. Neno la mwalimu likishatoka halina chuma cha kulirudisha. Juma hili nimefundisha f na v kwa mara nyingine. Niliwaambia wanafunzi wanitazame vizuri, na wote wakaona.